Skrini Aliyoniletea Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliporudi kuishi Kindu, baba alimwita fundi cherehani nyumbani apimwe kanzu mpya. Kwa miaka mingi baba alikuwa akivaa zile zile mbili, moja ya Ijumaa na moja ya siku nyingine, na kila nilipomwambia tushone nyingine alinijibu kwamba mtu wa umri wake hana wa kumwonyesha nguo. Siku ile alisimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha kama mtoto, fundi akimzunguka na utepe wake. Mimi nilikuwa uani nikichagua mchele. Naanza na kanzu kwa sababu nikikumbuka habari ya ile skrini, haziji nyaya kwanza. Kwanza inakuja kanzu.

Tuko wawili tu kwa mama na baba, na nimempita miaka mitatu. Baba alikuwa karani stesheni, upande wa mizigo. Treni ikifika kutoka kusini, yeye ndiye aliyeandika kila gunia na kila pipa kabla ya kushushwa bandarini kwenye boti. Nyumbani alikuwa na mashine ya kuandikia, ya chuma, nzito kuliko mtoto wa miaka miwili. Alinifundisha kuitumia kwa vidole vyote kumi nilipokuwa darasa la sita. Mdogo wangu alijaribu wiki moja akachoka, akarudi kucheza. Basi mashine ikawa yangu, nikawa na kitu kimoja ambacho yeye hana.

Vita vilipokuja, treni zilikoma. Majani yaliota katikati ya reli mpaka mbuzi wakawa wanalishwa humo. Baba hakupata tena mshahara, akaitoa mashine barazani, na mimi nikakaa nyuma yake kama mfanyakazi. Tuliandika barua za kuomba ruhusa, maana siku zile mtu hakuvuka mto kwenda Alunguli wala hakutoka mjini bila karatasi mkononi. Utepe wa wino ulipokauka, mji mzima haukuwa na mwingine. Baba alipasua mabetri ya redio yaliyokufa, akatoa ule unga mweusi, akauchanganya na mawese kidogo, nami nikaupaka utepe kwa unyoya wa kuku. Barua zetu zilinuka kama jikoni, lakini zilisomeka.

Mjini kulikuwa na nyumba yenye foni, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali. Ukiitwa unakwenda, unakaa kwenye benchi na wenzako, na habari yako wote wanaisikia. Siku moja aliitwa baba. Mdogo wake, baba mdogo wetu, alikuwa akifanya biashara Goma. Alisema amepata nafasi kwenye ndege ya mizigo itakayoleta chumvi na sabuni Kindu na kurudi karibu tupu, na kwamba anaweza kumpokea mtoto mmoja, amsomeshe huko mpaka mambo yatulie. Wawili hawezi.

Baba na mama walizungumza chumbani mchana wote, na mimi nilikaa chini ya dirisha nikijifanya napepeta unga. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa na hakika ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na masomo yangu ndiyo yaliyokatika karibu na diploma ya kumaliza sekondari. Nilikwisha kuchagua hata kitenge nitakachosafiria.

Baba alimchagua mdogo wangu. Aliniambia mwenyewe, tukiwa barazani, bila kunitazama. Alisema mwenzangu hajui kazi yoyote bado na mimi ninajua; nikiondoka mimi, nani ataandika, na tutakula nini? Nilijibu ndiyo baba. Jioni ile nilimsuka mdogo wangu nywele za safari, na nilivuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Hakulia, ingawa macho yalimjaa machozi. Nilijua ninachofanya, na sikuacha.

Baadaye mji ulizingirwa. Aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo watu waliacha kwenda. Tulikula sombe, majani ya mhogo, bila chumvi, tukala na majani ambayo zamani tuliwapa sungura. Mama alishikwa na homa, na dawa haikupatikana. Mimi ndiye niliyemwogesha katika siku zake za mwisho, mimi ndiye niliyemshika kichwa. Baba hakuweza kusema neno, kwa hiyo nilikwenda mimi kwenye foni kumwambia mdogo wangu. Mwenye nyumba alinielekeza kwamba nikimaliza kusema niseme "kwako", ili wa upande wa pili ajue ni zamu yake. Nilisema hivyo. Upande wa pili ilisikika mikwaruzo tu, kisha mawasiliano yakakatika.

Miaka ilipita. Vita viliisha kwa namna vilivyoisha. Niliolewa, nikafiwa na mume, watoto wangu wawili wakaenda kusoma Kisangani, na baba akahamia kwangu. Nilifungua sekretariati yangu kwenye barabara inayoshuka bandarini, chumba kimoja chenye meza mbili, ambapo nilipigia watu chapa barua, kazi za wanafunzi wanaomaliza chuo, kadi za arusi, na karatasi za wachimbaji wanaotoka Kalima na madini yao. Nilikuwa nimekwisha kuacha mashine ya chuma na kuhamia kompyuta, kubwa, ya mtumba, ya kukaa mezani. Nilijifunza peke yangu. Hakuna aliyenipeleka shule.

Mdogo wangu naye alikuwa amesoma kompyuta huko Goma, akafanya kazi huko miaka mingi, kisha akatumwa Kindu na watu wanaoweka kompyuta za umeme wa jua mashuleni na kwenye vituo vya afya. Alipanga nyumba yake, lakini kila siku alipotoka kazini alipita kwetu. Baba alikuwa akinawa uso kabla hajafika. Aliketi naye barazani, akamuuliza habari za shule alizozungukia, za mitambo, za barabara, na mimi niliwaletea chai. Mimi na baba tulikuwa tukizungumza kuhusu dawa zake za presha na maji ya kuoga. Mara mbili aliniita kwa jina la mdogo wangu. Yeye hakuitwa kwa jina langu hata mara moja, nilikuwa nasikiliza.

Kisha kompyuta yangu iliungua. Nilikuwa napata umeme kutoka jenereta ya jirani, na siku moja ulikuja kwa nguvu kupita kiasi, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Fundi aliniambia hakuna cha kuokoa. Kwa wiki mbili niliwarudisha wateja, nikawaona wakivuka barabara kwenda kwa mwingine.

Mdogo wangu alikuja na boksi la katoni. Ndani mlikuwa na ubao mmoja wa kompyuta, mdogo kama pakiti ya karata, hauna sanduku wala feni, na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyokwisha kutiwa Linux, programu ya kuuendesha. Mlikuwa pia na kibodi, nyaya kadhaa, na skrini nyembamba kama sinia, isiyokuwa na waya wa ukutani. Alinieleza kwamba skrini ile inakunywa umeme kwa waya wa USB, kama simu, kwa hiyo kila kitu kitakwenda kwa bamba dogo la jua lililokuwa juu ya bati langu na betri yake, ambavyo mpaka hapo viliwasha taa tu, na sitahitaji tena jenereta ya mtu. Aliuliza kama anifungie palepale.

Nilimwambia aniachie. Alisema ni kazi ya dakika chache. Nikamwambia nina vidole kumi, vyote vinafanya kazi. Alinitazama kidogo, akaacha boksi, akaenda nyumbani kuketi na baba.

Siku ya kwanza nilitazama matundu. Ubao ulikuwa na tundu dogo la mviringo kando, na skrini ilikuwa na tundu la aina ile ile, na ndani ya boksi mlikuwa na waya unaoingia kote kuwili. Niliona ni dhahiri. Niliunganisha, nikangoja, na hakuna kilichowaka, si ubao wala skrini. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba tundu lile la ubao ni mdomo wa kulia tu: linapokea umeme, halitoi picha wala chochote. Lakini siku ile niliwaza kwamba mdogo wangu ameniletea kitu kibovu ili nimwite.

Siku ya pili niliulisha ubao kutoka kwenye regileta, kile kisanduku cha ukutani kinachogawa umeme wa bamba na betri, ambacho kina matundu mawili ya USB. Nikapeleka picha kwenye skrini kwa ule waya mwembamba wa HDMI. Umeme wa skrini nikauchukua kwenye tundu la USB la ubao wenyewe, pale pembeni mwa kibodi. Skrini iliwaka. Ilionyesha alama ya kiwandani, yakaja maandishi meupe yakikimbia kwenda juu, nami nikasimama kwa furaha, nikamwita baba, aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya duka siku ile, aje. Kabla hajafika mlangoni, skrini ilizimika. Ikawaka tena, ikazimika tena. Kwenye kona kilitokea kialama cha radi, cha manjano, kisha ubao nao ukajianzisha upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Baba alisimama kidogo akaitazama.

"Umuite mudogo yako," alisema kwa lugha yetu ya nyumbani. "Yeye njo anajua hivi vitu."

Alirudi barazani. Nilikaa mbele ya skrini ile yenye giza, nikajiona humo, na sikupenda uso niliouona.

Nilimpelekea skrini mtu anayetengeneza simu karibu na soko. Sikumwambia ilikotoka. Aliichomeka, akaigongagonga kwa ukucha, akasema kioo kimekufa na kwamba anaweza kunisaidia kwa kuichukua apate vipuri. Nakiri kwamba niliposikia hivyo nilifurahi. Nilitembea kurudi dukani nikitunga maneno ya kumwambia mdogo wangu: kwamba alichoniletea kimekufa, kwamba si kila kitu cha Goma ni kizuri. Nilitaka baba awepo nikisema.

Lakini nilipofika niliichomeka mara moja tena, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nilibonyeza vitufe vya pembeni mwa skrini. Kimoja kilifungua orodha, na katika orodha mlikuwa na mwanga. Nikaupunguza mpaka karibu na mwisho. Maandishi yalififia, lakini skrini haikuzimika. Ilikaa robo saa nzima. Nilipoongeza mwanga kidogo, ikafa. Nilipoupunguza, ikaishi. Nilirudia hivyo mara nne, na mara ya nne nilielewa. Kioo hakikufa. Kilikuwa na njaa. Ule ubao mdogo ulikuwa ukipata umeme wake wa kuutosha wenyewe, na mimi nilikuwa nimeutwika mzigo wa kumlisha mwingine.

Katika siku zote za habari hii, hiyo ndiyo saa niliyokuwa na furaha safi. Nililiona jambo mwenyewe, bila mtu, kwa kutazama tu. Nilichukua waya mwingine, nikaipa skrini tundu lake la pili kwenye regileta, ikawa kila kimoja kinakula kwenye sahani yake. Nikarudisha mwanga juu kabisa. Skrini ikaangaza chumba kizima. Haikutikisika.

Tatizo ni kwamba ilikuwa tupu. Ilileta maneno ya kusema hakuna picha inayoingia, kisha ikalala. Nilizima na kuwasha, nikabadilisha waya, nikageuza ncha. Mara moja picha ilikuja, sikujua kwa nini, nikazima ili nianze kazi upya kwa utaratibu, na haikurudi tena. Siku ya tatu yote ilikwenda hivyo, na ya nne. Mwanafunzi mmoja aliyekuja na kazi yake ya kumaliza chuo aliketi akanisubiri tangu asubuhi, halafu akaomba karatasi zake kwa adabu na akaenda ng'ambo ya barabara.

Alasiri ya siku ya nne mdogo wangu aliingia dukani. Baba alikuwa pamoja naye; amemfuata njiani, amevaa ile kanzu. Sikuwaita mimi. Mdogo wangu alitazama nyaya, akafuata kila moja kwa kidole, akasema pole pole kwamba umeme nimeuweka sawasawa, kwamba watu wengi anaowafungia mitambo hawalioni lile jambo la njaa mpaka waelezwe. Aliuliza ninawasha nini kwanza. Nikamwambia ninawasha vyote pamoja. Alicheka kidogo, si kwa dharau, akachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye ubao, akaitia katika kompyuta yake ya mkononi, akafungua faili moja ya maandishi, akaandika mstari mmoja. Akanieleza huku akiandika: ubao ukiamka kabla skrini haijaamka, unadhani hakuna skrini kabisa, kwa hiyo hautoi picha. Mstari ule unauambia utoe picha hata usipomwona mtu. Akarudisha kadi, akawasha.

Picha ilikuja, kubwa, safi, yenye mlima na anga la buluu. Hakuwa ametumia hata muda wa kuchemsha chai.

Baba alipiga makofi. Alisema alijua mdogo wangu ataweza, alijua tangu zamani, ndiyo maana alimpeleka yeye.

Sidhani kama alikusudia kuniumiza. Alikuwa mzee mwenye furaha, na maneno yalitoka. Lakini nilimwomba baba aende kupumzika nyumbani, na sauti yangu ilimfanya aende bila kuuliza. Kisha nilimgeukia mdogo wangu. Nilimwambia mengi, na mengi sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba siku nne nimefanya kazi na yeye amekuja kuandika mstari mmoja na kuchukua yote. Nilimwambia kwamba ndivyo alivyo tangu zamani, kwamba alipanda ndege iliyokuwa yangu, akasoma masomo yangu, na kwamba nikimwona akiketi barazani na baba, natamani ndege isingalimrudisha tena. Hilo la mwisho nilisema, na siwezi kusema kwamba lilinitoroka. Nilikuwa nalo kwa miaka.

Mdogo wangu aliketi kwenye kiti cha wateja. Alizungumza polepole, kwa ile lugha ya nyumbani, ambayo kwa kawaida akiwa na mimi huichanganya na Kifaransa cha ofisini.

"Yaya, unafikiri nilienda kusoma," alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Miaka mbili ya kwanza sikuona darasa. Muke ya baba mudogo alinipa sabuni nitembeze sokoni. Nililala jikoni. Moto ya ule mlima ya volkano iliposhuka ikaunguza nyumba yao, njo waliniacha kwa masista, na masista njo walinisomesha. Baba hajui. Sikutaka ajue."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Alisema angeniambia nini, na kwa foni, mbele ya watu wote wale. Kisha akachukua kifuniko cha boksi, akawa anakizungusha mikononi.

"Wewe njo uliniambia mama amekufa. Ulisema 'mama amefariki, kwako.' Watu wote ku benchi wakaniangalia, wakangojea niseme. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Sikujua mutu anasema nini pale." Alirudisha kifuniko kwenye boksi. "Wewe ulimuogesha. Ulimushika. Miye mpaka leo nakuonea wivu, yaya. Ukisema 'mama alikuwa anapenda hivi', miye sikumbuki. Wewe njo uko naye yote."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Hapana. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, kabla ya huruma, kilikuwa kama faraja, karibu raha. Aliteseka. Hakupata nilichodhani amekipata. Na zaidi ya hapo, yule aliyepanda ndege alikuwa ananionea wivu mimi, na miaka yote ile sikujua kwamba nina kitu cha kutamaniwa. Nilikaa na raha hiyo kwa muda kiasi cha pumzi kumi hivi, kisha nilijisikia vibaya sana, kwa sababu niliwaza mtoto wa miaka kumi na tatu akiangaliwa na benchi zima, na ni mimi niliyesema "kwako" kwa sauti ile ya kikazi niliyofundishwa.

Nilimwambia hakuna siku mama aliyomsahau. Nilimwambia kwamba wakati wa homa alimwita yeye, si mimi, mimi niliyekuwa nimemshika. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Nililificha kwa sababu liliniuma, na sasa nilimpa, na nilihisi kama ninatoa kitu cha mwisho nilichonacho. Mdogo wangu alilia hapo, na mimi pia. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akaona hali, akaondoka zake.

Jioni ile tulirudi nyumbani pamoja na hatukumwambia baba lolote. Nilipika, naye alikata sombe, akikata vibaya, majani makubwamakubwa. Nilimwacha.

Sekretariati ilifunguka tena. Skrini ile nyembamba inafanya kazi mpaka leo, haijawahi kuzimika yenyewe tangu niipe tundu lake, na mstari ule mmoja upo ndani ya faili. Nimeuona mwenyewe na ninaweza kuuandika bila kutazama popote. Wateja wanapouliza iko wapi kompyuta yenyewe, ninawaonyesha ule ubao niliouning'iniza nyuma ya meza, na wengi hawaamini.

Wivu haukuisha, kama nilivyotumaini jioni ile. Ulibadilika. Kuna siku baba anacheka barazani na ninasikia mchomo ule ule, ingawa sasa ninajua aliyeketi naye alilala jikoni kwa watu. Kuna siku mdogo wangu ananiuliza jambo kuhusu mama, mama alikuwa anaimba nini akifua, alikuwa anaogopa nini, na ninaona jinsi anavyoyachukua maneno yangu kwa pupa, na ninampa kidogo kidogo, makusudi. Sijivunii. Ninajizuia nikiweza.

Mwaka huo huo chama cha wakulima cha Tunda kiliomba mtambo kama wangu kwa ajili ya hesabu za mpunga na karanga zao. Mdogo wangu alikuwa na malaria na hakuweza kusafiri. Aliniomba niende mimi. Nilidhani anatania. Alisema ubao na skrini ni vile vile, na kwamba jambo la umeme ninalijua kuliko vijana anaofanya nao kazi. Nilikwenda kwa pikipiki, siku mbili njiani, skrini nimeifunga ndani ya blanketi mgongoni kama mtoto. Daraja moja lilikuwa miti mitatu tu, na nilishuka nikavuka kwa miguu, dereva akisukuma.

Walinipokea vizuri, wakanipa maji ya kuoga na kuku. Kisha mwenyekiti wa chama, mwanamke wa rika langu, aliniuliza kwa heshima, mama, yule fundi mwenyewe atafika lini. Alikuwa amesikia habari za mdogo wangu kutoka kituo cha afya cha jirani, jinsi alivyo hodari, jinsi alivyofunga mtambo wao kwa asubuhi moja. Nilisikia mchomo. Nikamjibu kwamba fundi ni mimi.

Nilifanya kazi asubuhi ile yote. Regileta yao ilikuwa na tundu moja tu la USB, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Ilibidi nifikiri. Nilipata chaja ya simu ya kwenye gari, yenye tundu la USB, katika pikipiki ya mtu, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye betri, nikaipa skrini. Nilipunguza mwanga kwanza, nikangoja, nikaongeza kidogo kidogo nikitazama kama kialama kile cha radi kitatokea. Hakikutokea. Ile picha ya mlima ilikuja, na wakulima walioketi chini wakasimama wote wakasogea karibu. Mwenyekiti aliweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa haraka akidhani kina moto, kisha akakiweka tena.

Mtandao wa simu unapatikana Tunda ukipanda kilima kidogo nyuma ya soko. Mdogo wangu alikuwa ameniomba nimpigie mara tu picha itakapokuja. Sikupanda siku ile. Nilikaa na wale wanawake, nikawaonyesha jinsi ya kuwasha na kuzima, nikala karanga zao mbichi, nikawaacha waniite fundi mpaka jua likashuka. Nilimpigia kesho yake.